MTOTO AMETOKWA NA MABAKA: JE, NI CHAKULA?

Somo letu la leo linahusu watoto wadogo, wale wa mwaka mmoja hadi miaka mitatu. Tunaomba mlisome taratibu. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

Tuanze na mfano. Tuseme hapa Muyama kuna nyumba moja yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mchana amekula ugali na yai. Jioni amecheza, kisha amelala. Usiku, saa 4, anaamka analia na kujikuna. Mama anawasha taa. Anaona mabaka yamevimba mgongoni na mapajani, kana kwamba mtoto amepita kwenye upupu. Nyumba nzima inaamka.

Bibi anauliza, "Mmemlisha nini mtoto huyu?"

"Mchana alikula yai, mama."

"Basi ni yai hilo! Msimpe tena."

Kesho yake mabaka yanarudi. Jirani anasema ni dagaa. Dagaa wanaachwa. Keshokutwa yanarudi tena. Shangazi anasema ni karanga, na maharage nayo yana joto. Karanga zinaachwa, maharage yanaachwa. Wiki inakwisha, mtoto anakula ugali na majani matupu. Na mabaka bado yapo!

Ndugu wasomaji, swali la bibi lilikuwa zuri. Hata daktari angeuliza hivyo hivyo. Kosa lilikuwa kulijibu kwa haraka. Leo tujifunze namna ya kulijibu kwa kutumia kitu ambacho sisi sote sasa tunacho: kalamu na daftari.

1. MABAKA HAYA NI NINI?

Katika ngozi yetu kuna askari wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Kazi yao ni kulinda mwili. Wakiona adui wanatoa maji makali. Maji hayo yakitoka, ngozi inavimba na kuwasha. Ndiyo mabaka yenyewe.

Wakati mwingine askari hao wanakosea. Wanapigana na kitu ambacho si adui, kwa mfano yai au karanga. Jambo hilo huitwa mzio. Watu wengi husema "aleji". Mzio ni mwili kukikataa kitu ambacho watu wengine wanakitumia bila madhara.

Lakini angalieni sana hapa. Askari hao wanaweza kuamshwa na mambo mengi, siyo chakula peke yake. Kwa hiyo kila mzio wa chakula unaweza kuleta mabaka, lakini si kila mabaka ni mzio wa chakula.

Utayajuaje mabaka haya? Yana alama tatu:

(a) Yanatokea ghafla, yamevimba, na yanawasha sana.

(b) Yanahama. Asubuhi yako tumboni, mchana yako mguuni.

(c) Baka moja halikai mahali pamoja zaidi ya siku moja. Likiondoka haliachi kovu.

Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kwa hiyo pitisha kiganja chako polepole juu ya ngozi ya mtoto. Utahisi uvimbe. Halafu chukua kalamu ya wino, uchore duara kulizunguka baka moja. Kesho saa kama hiyo litazame tena. Kama baka limeondoka na duara limebaki tupu, huenda ndiyo mabaka tunayosema. Kama bado liko pale pale, huo ni ugonjwa mwingine wa ngozi. Mpelekeni mtoto akaonwe.

Msichanganye mabaka haya na magonjwa mengine. Surua huja na homa kali, kikohozi na macho mekundu, na vipele vyake huanzia usoni na kukaa siku kadhaa. Tetekuwanga ina vipele vyenye maji ambavyo baadaye hukauka na kufanya magamba. Upele hukaa katikati ya vidole, huwasha zaidi usiku, na mara nyingi watu wengine wa nyumba ile nao wanajikuna. Mkidhani ni surua, nendeni zahanati siku ile ile.

2. NANI ANAWAAMSHA ASKARI?

Kwa watoto wadogo, anayeongoza si chakula. Anayeongoza ni maambukizi ya kawaida, kama mafua, kikohozi na homa ndogo ndogo. Mtoto anaugua mafua, na siku hizo hizo au siku chache baadaye anatokwa na mabaka. Yanakuja na kuondoka kwa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili au tatu. Kisha yanakwisha yenyewe.

Wengine wanaowaamsha askari ni hawa:

Dawa. Baadhi ya dawa, kwa mfano penisilini na septrini, huwadhuru watu wachache. Kama mabaka yalianza baada ya kumpa mtoto dawa, msimpe dozi inayofuata nyumbani. Rudini kwa mhudumu wa afya siku ile ile na pakiti ya dawa mkononi. Msiikatishe dawa kisha mkakaa kimya, maana ugonjwa uliokuwa ukitibiwa bado upo.

Wadudu na mimea. Nyuki, manyigu, siafu, viwavi wenye manyoya, na upupu wenyewe. Mtoto aliyeshinda shambani pembeni ya mama anaweza kuvigusa bila mama kuona.

Minyoo. Wakati mwingine minyoo nayo huleta mabaka. Mpeni mtoto dawa ya minyoo kwa wakati wake kama kliniki inavyoelekeza.

Samaki aliyeharibika. Huyu ni wa kuangaliwa sana. Baadhi ya samaki wakikaa muda mrefu kwenye joto hufanya sumu. Sumu hiyo huleta muwasho, uso kuwaka moto na kichwa kuuma. Kumpika hakuiondoi. Kwa hiyo wakitokwa na mabaka watu watatu au wanne waliokula samaki yule yule, shaka yetu iende kwanza kwa samaki mbovu. Mzio kwa kawaida humpata mmoja, na wengine waliokula chungu kile kile wako salama.

3. CHAKULA KIKIWA NDICHO CHENYE KOSA

Sasa tufike kwenye chakula. Vyakula vinavyoleta mzio zaidi kwa watoto ni vichache: mayai, maziwa ya ng'ombe, karanga, samaki, soya, ngano na ufuta. Mahindi, mihogo, ndizi na viazi ni mara chache sana.

Jiulizeni maswali manne:

Swali la kwanza: Ulipita muda gani? Mzio wa chakula hauchelewi. Kwa kawaida mabaka hutoka dakika chache tu baada ya kula, na mara nyingi hayapiti saa mbili. Yai lililoliwa mchana si rahisi kuleta mabaka saa 4 usiku.

Swali la pili: Je, hutokea kila mara? Chakula chenye mzio hakichagui siku. Kama mtoto amekula mayai mara kumi na hakupata lolote, na juzi tena amekula akiwa mzima, yai si la kushukiwa sana.

Swali la tatu: Mabaka yalidumu muda gani? Ya chakula hutoka haraka na kwa kawaida hupotea ndani ya saa chache au siku moja. Yakija na kuondoka wiki nzima, hata asubuhi kabla mtoto hajala kitu, tutafute sababu nyingine.

Swali la nne: Je, kulikuwa na jambo jingine? Mafua? Homa? Dawa mpya? Mtoto alipelekwa shambani?

Jambo moja dogo. Mtoto akila nyanya, chungwa au nanasi, anaweza kupata wekundu kuzunguka mdomo tu, pale maji ya tunda yalipogusa. Mara nyingi hiyo ni ngozi kuchomwa na ukali wa tunda. Si lazima iwe mzio.

4. DAFTARI LA MAMA

Akili ya binadamu husahau. Ukiulizwa leo mtoto alikula nini Jumatano, saa ngapi, huwezi kujibu sawasawa. Karatasi haisahau. Chukueni daftari la shule. Kila siku andikeni mambo manne: alikula nini na saa ngapi, mabaka yalitoka saa ngapi, yalikwisha saa ngapi, kuna jambo gani jingine. Baba naye aandike, na dada anayebaki na mtoto aulizwe.

Turudi kwa yule mtoto wa yai. Kama mama yake angeandika, daftari lingesema hivi:

Jumatatu. Uji na maziwa, saa 2 asubuhi. Mabaka hakuna. Ana mafua tangu jana.

Jumanne. Ugali na yai, saa 6 mchana. Mabaka saa 4 usiku. Mafua na homa kidogo.

Jumatano. Mabaka saa 1 asubuhi, hajala kitu. Mchana ugali na mboga. Mafua bado.

Alhamisi. Uji mtupu, saa 2 asubuhi. Mabaka mgongoni saa 8 mchana. Mafua bado.

Ijumaa. Ugali na mboga, saa 7 mchana. Mabaka machache saa 12 jioni.

Jumamosi. Mafua yamepungua. Mabaka hakuna.

Haya, tusome pamoja. Kutoka saa 6 mchana hadi saa 4 usiku ni saa ngapi? Ni saa 10. Na Jumatano asubuhi mtoto alitokwa na mabaka tumbo likiwa tupu. Yai halikuwepo, dagaa hawakuwepo, karanga hazikuwepo. Kitu kilichokuwepo siku zote ni mafua, na yalipopungua mabaka nayo yakaisha. Basi yai lilisingiziwa.

Sasa tuangalie daftari la mtoto mwingine:

Jumatatu. Uji wenye karanga, saa 2 asubuhi. Mabaka mdomoni na tumboni saa 2 na dakika 20. Yalikwisha saa 8 mchana. Hana mafua.

Jumanne na Jumatano. Ugali, maharage, ndizi. Mabaka hakuna.

Alhamisi. Mchicha kwa jirani, saa 7 mchana. Mabaka saa 7 na robo. Mdomo ulivimba. Tumeuliza: mchicha ulitiwa karanga.

Mnaona tofauti? Hapa muda ni mfupi. Chakula ni kile kile mara mbili, hata kilipojificha ndani ya mboga. Siku za katikati mtoto alikuwa mzima. Huyu hakika ana jambo na karanga. Asipewe tena karanga, na apelekwe kwa mhudumu wa afya na daftari lake.

Lakini jamani, msije mkampa mtoto makusudi chakula mnachokishuku ili muone itakuwaje! Mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Jaribio la namna hiyo hufanywa na daktari, mahali penye dawa. Hospitali kubwa zina vipimo vya ngozi na vya damu, lakini hata huko daktari huanza kwa kuuliza: alikula nini, saa ngapi, ikawaje. Mwenye daftari ana majibu.

Kuna neno pia kuhusu uji wa lishe. Ni uji mzuri, wenye mahindi, karanga, soya, na wengine hutia dagaa. Lakini mtoto akitokwa na mabaka baada ya kuunywa, utajuaje ni kipi? Ndiyo maana tunashauri hivi: mtoto anapoanza chakula kipya, aanze kimoja kimoja. Apewe kidogo, asubuhi au mchana ili mumwone, kisha zipite siku mbili au tatu kabla ya kuongeza kingine. Akishavizoea vyote, changanyeni. Na mkinunua unga wa pakiti, someni maandishi yanayotaja vilivyomo. Tulijifunza kusoma kwa ajili ya mambo kama haya.

5. HAPA HAKUNA KUNGOJA

Mabaka peke yake, mtoto akiwa anacheza na kunyonya vizuri, si jambo la kukimbilia usiku. Lakini zikionekana dalili hizi, liacheni daftari na mwondoke mara moja:

– Ulimi, midomo au koo kuvimba, sauti kukwama, kutokwa udenda asioweza kumeza.

– Kupumua kwa shida, au kifua kupiga filimbi.

– Kutapika mara kwa mara pamoja na mabaka.

– Kulegea, kuzimia, au ngozi kuwa ya baridi.

Mzio wa namna hii unaweza kuua kwa muda mfupi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, ambayo mhudumu wa afya humchoma mtoto kwenye paja. Vidonge au maji ya kuondoa muwasho haviwezi kufanya kazi hiyo. Tafuteni pikipiki, ombeni gari, na mpige simu kituoni wajue mnakuja. Njiani mlazeni mtoto, miguu iwe juu kidogo. Akiwa anahema kwa shida, mkalisheni mapajani. Akitapika, mlazeni ubavu. Msimsimamishe wala kumtembeza. Msimpe kitu cha kula au kunywa.

Kama hakuna dalili za hatari, fanyeni hivi nyumbani: mkandeni kwa kitambaa cha maji ya baridi, mvisheni nguo nyepesi, mkateni kucha asijichubue. Dawa ya kupunguza muwasho ipo, lakini dozi yake hufuata umri na uzito, na nyingine hazifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Kwa hiyo ulizeni zahanati, msinunue kwa kukisia. Mafuta ya taa, chale na dawa za majani msizozijua zinaongeza kidonda juu ya muwasho.

6. HASARA YA KUSINGIZIA CHAKULA

Labda mtu atasema, "Kuna ubaya gani? Tumwachishe tu mayai, tuwe salama."

Ubaya upo, tena mkubwa. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kando ya redio wakajifunza kwamba mtoto hajengwi na ugali peke yake. Somo lile halijapitwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Milima yetu hii inatoa maharage na ndizi, na dagaa wanapanda kutoka ziwani, lakini udumavu haujatuacha.

Sasa hesabuni wenyewe. Mtoto akinyimwa mayai, dagaa, karanga na maharage, amebakiwa na nini cha kujenga mwili? Mabaka ya mafua yangekwisha kwa wiki moja au mbili. Udumavu wa miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kuurudisha.

Tena kuna jambo ambalo hata madaktari zamani hawakulijua. Miaka ya nyuma, katika nchi za Ulaya, wazazi wengine waliambiwa wawacheleweshee watoto karanga ili kuwakinga na mzio. Mwaka 2015 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Nusu walilishwa vyakula vyenye karanga tangu wachanga, nusu walinyimwa. Walipofika miaka mitano, katika kila watoto 100 walionyimwa, 17 walikuwa na mzio wa karanga. Kwa wale waliolishwa, walikuwa 3 tu. Kumbe kuchelewesha hakukinga!

Kwa hiyo mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na aanze vyakula mbalimbali, mayai na karanga zikiwemo. Karanga ziwe zimesagwa laini na kutiwa katika uji, maana karanga nzima inaweza kumpalia mtoto. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyo kali, au aliyewahi kudhuriwa na chakula, kwanza aonwe na daktari.

Na ikithibitika kweli kwamba chakula fulani kinamdhuru, aondolewe hicho kimoja tu. Nafasi yake ijazwe. Asiyekula mayai apewe dagaa na maharage. Asiyekula karanga apewe parachichi na mawese. Kila mtu anayemlisha ajulishwe: bibi, dada, jirani, na baadaye mwalimu. Msikate tamaa, kwani watoto wengi wenye mzio wa mayai au maziwa hupona wakikua. Mrudisheni kwa daktari baada ya muda ili apimwe upya.

Basi bibi akiuliza tena usiku, "Mmemlisha nini?", mama asibishane naye. Alete daftari, wakae chini ya taa, wasome pamoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtoto amekula maharage saa 7 mchana. Mabaka yametoka kesho yake saa 3 asubuhi. Zimepita saa ngapi? Je, mtayashuku maharage?

2. Watu wanne wamekula samaki mmoja, na wote wanne wanawashwa. Mnadhani ni nini?

3. Tajeni dalili nne za hatari bila kuangalia kitabu.

4. Katika kijiji chenu, ni vyakula gani watoto hunyimwa? Sababu zinazotolewa ni zipi? Je, zina ushahidi?

5. Usiku mtoto akipata shida ya kupumua, ni nani mwenye pikipiki, na kituo cha afya kilicho karibu kina simu namba ngapi? Andikeni majibu ukurasa wa kwanza wa daftari.

MAANA YA MANENO

Mzio: mwili kukataa kitu kisichowadhuru wengine.

Kudumaa: mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe ya kutosha muda mrefu.

Adrenalini: dawa ya sindano inayookoa mtu aliyepatwa na mzio mkali.

Udenda: mate yanayomtoka mtu mdomoni bila kujizuia.